Ndege wa Kilima cha Isolwa

Zamani wataalamu wa ndege walikuwa na gunia lao moja. Kila ndege mdogo wa kahawia, mwenye mdomo mwembamba kama sindano, anayeruka kichaka hadi kichaka akiokota viwavi na sisimizi, na ambaye mtu akimtazama hajui amfananishe na nani, alitiwa humo. Familia moja, ndege mamia, basi. Vipimo vya vinasaba vilipokuja, gunia likapasuka. Ikaonekana kwamba wengi waliowekwa pamoja hawakuwa ndugu hata kidogo, na waliokuwa ndugu wa damu walikuwa wametupwa mbalimbali. Familia ile ikavunjwa, zikazaliwa nyingine mpya, na hadi leo watu wa fani hiyo hukutana kwenye mikutano yao na kugombana kama warithi.

Dokta Loisi Mazengo aliingia katika ugomvi huo akiwa bado msichana, na humo humo akapata jina. Alifundisha elimu ya wanyama katika chuo kimoja cha Dodoma, akaishi Nzuguni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, bila mume wala mtoto. Wanafunzi walimwita Madam akiwepo, na Mama Ndege akiwa hayupo. Hakuwa mchangamfu. Lakini alikuwa na sikio ambalo hata waliomchukia walilikubali. Angeweza kusimama kwenye pori la miiba, afumbe macho, akakuambia nani analia wapi, na kama ni dume au jike.

Sikio hilo alilipata kwao, upande wa Haneti, chini ya kilima cha Isolwa, alipokuwa akichunga mbuzi na kaka yake Meshack. Watu wa pale walikuwa na ndege wao waliyemwita chirichiri, kwa sauti yake. Tena kwao kila ndege mdogo wa kahawia alikuwa chirichiri, wa majani, wa miiba na wa mtoni, wote jina moja. Loisi tangu utotoni aliwatenganisha. Na kati ya hao, wawili walimsumbua. Yule wa mbugani alilia mfululizo, mbio mbio, kama mtu anayetikisa kibuyu chenye mbegu. Yule wa juu ya Isolwa alianza kwa miluzi miwili ya polepole, wa pili ukishuka chini ya wa kwanza, kisha ndipo akatikisa kibuyu chake. Wale wa kilimani walikuwa na mkia mrefu zaidi pia, na kifua cheusi cheusi.

Alipokuwa mtu mzima alirudi na vinasa sauti. Akawapigia madume wa kilimani wimbo wa mbugani, nao wakaendelea kula viwavi kana kwamba hawajasikia kitu. Akawapigia wimbo wao wenyewe, wakamjia usoni kwa hasira. Akapima mikia, akapima mabawa, akaandika. Wakubwa wa fani wakasoma, wakabishana, mwisho wakakubali: chirichiri wa Isolwa ni spishi kamili, peke yake, na hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kilima kile kimoja. Jina lake la kitaalamu likabeba jina la kilima.

Siku habari ilipofika nyumbani, Meshack alichinja beberu. Alikuwa mkulima wa uwele na mtama, mfugaji wa mbuzi, mwimba besi katika kwaya ya kanisa. Ada za shule za Loisi zilitoka kwenye zizi lake baada ya baba yao kufa, naye hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu. Siku hiyo alisimama mbele ya majirani, mkononi ana pande la nyama, akasema, "Mnaona? Kilima chetu kimeandikwa Ulaya. Mdogo wangu ndiye aliyekiandika." Watu wakapiga vigelegele. Mama yao, aliyekuwa bado hai, alicheka mpaka akakohoa.

Mama alifariki mwaka uliofuata, akazikwa kwenye mteremko wa Isolwa, karibu na shamba lake la karanga.

Baadaye wakaja watu wa hifadhi. Ndege mwenye kilima kimoja tu duniani hawezi kuachwa hivi hivi, walisema, na Loisi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika maneno hayo. Kiongozi wao aliitwa Charles, mtu mwenye adabu, mvaa miwani, aliyemheshimu Loisi sana. Waliitisha mkutano wa kijiji. Kwa kuwa wazee wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji, Charles alimwomba Loisi azungumze nao kwa Kigogo.

Alisimama. "Mbukwenyi," aliwaamkia, nao wakaitikia kwa furaha, binti yao huyo. Akawaeleza. Wapunguze mbuzi kilimani. Waache kukata miti ya mkaa. Mizinga ya nyuki ibaki. Mzee mmoja akauliza, "Na mashamba ya mteremkoni? Tutahamishwa?"

"Hakuna atakayehamishwa," Loisi alisema.

Hakudanganya. Hivyo ndivyo Charles alivyomwambia, na hivyo ndivyo Charles alivyoambiwa na waliomtuma. Lakini mipango ilipanda ngazi, na huko juu ikabadilika, na iliporudi ilikuwa na bikoni za saruji za mpaka na mchoro wa ramani. Mstari haukupita juu ya kilima. Ulipita chini, barabarani. Mashamba yote ya mteremko yakawa ndani, na nyumba zilizokuwa humo zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Watu wakapewa fidia ya mazao na ya kuta za udongo, wakaambiwa waondoke kabla ya mvua.

Meshack alimpigia simu mdogo wake.

"Kaka, shikamoo."

"Wamekamata mbuzi," alisema, bila kuitikia. "Wote. Wanasema wamewakuta ndani ya eneo. Eneo gani? Zizi langu ndilo limekuwa eneo."

"Nitazungumza na Charles leo hii. Kaka, mimi niliambiwa kwamba..."

"Wewe ndiye uliyesema, Loisi. Hao wengine hatuwajui. Sisi tulikusikia wewe."

Loisi alizungumza na Charles, na Charles akavua miwani, akaifuta, akasema jambo limeshatoka mikononi mwake. Loisi alikwenda kwenye ofisi nyingine, kisha nyingine. Kila mahali alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akasifiwa kwa ndege wake. Mvua zilipoanza, Meshack na mkewe Tabu na watoto walikuwa wamehamia Ihumwa, kwenye vyumba viwili vya kupanga, mahali ambapo mtu akitaka kuotesha mchicha lazima aombe ruhusa ya mwenye nyumba.

Walikutana tena kwenye msiba wa baba yao mdogo. Baada ya maziko watu walipokuwa wameketi, Meshack aliinuka. Hakupandisha sauti. Mwimba besi hahitaji.

"Mdogo wangu amesoma sana," alisema. "Amesoma mpaka sasa anaona ndege ndiye mtu, na ndugu yake ni mdudu wa kuliwa."

Hakuna aliyemkemea. Loisi alimaliza chakula kilichokuwa mbele yake, ugali na mlenda, tonge baada ya tonge, kwa sababu kuacha kula kungekuwa kukiri. Alirudi Nzuguni akiendesha gari mwenyewe. Toka siku hiyo kaka hakupokea simu yake.

Miaka ikapita hivyo. Kilima kikajaa vichaka, ndege wakaongezeka, Loisi akaendelea kwenda huko mwenyewe kila msimu wa kutaga. Aliona tofali za nyumba ya kaka yake zikirudi kuwa udongo. Alipalilia kaburi la mama. Alijiambia kwamba angalau kitu kimoja kimepona.

Ndipo akaja Munira.

Munira alikuwa mwanafunzi wake, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa wa pale mjini, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mpaka darasa linakasirika. Loisi alimpenda kwa namna yake kavu, akamwandikia barua za sifa, akampeleka nje kusomea vinasaba. Sasa alikuwa amerudi, daktari kamili, na kwa muda alikuwa akichukua matone ya damu kwenye mabawa ya chirichiri wa kilimani na wa mbugani. Loisi ndiye aliyemwonyesha mahali pa kutega nyavu.

Aliingia ofisini asubuhi moja akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa.

"Madam, naomba uniambie kama nimekosea."

"Kaa kwanza."

"Hawatofautiani, Madam. Wa Isolwa na wa chini. Nimerudia. Nimewapelekea sampuli wenzangu kule nje bila kuwaambia ni za wapi. Ni ndege mmoja. Wanazaliana. Kuna jike wa mbugani kila kizazi anapanda kilimani."

Loisi alitazama dirishani. "Na wimbo?"

"Wimbo ni lafudhi. Kinda dume anajifunza kwa baba yake na kwa majirani. Ni kama Kiswahili cha Tanga na cha Kigoma. Mkia na rangi ni mambo ya baridi ya juu na chakula."

"Umechukua sampuli chache."

"Nimechukua za kutosha, Madam. Unajua nimechukua za kutosha. Wewe ndiye uliyenifundisha kiasi cha kutosha ni kipi." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Bila idhini yako kazi hii siipeleki popote. Nusu ya sampuli ni zako. Ukisema nikae nayo, nitakaa nayo."

"Niachie," Loisi alisema.

Alikaa na matokeo yale akiyapekua kama mtu anayetafuta chawa. Alitafuta kosa la maabara, kosa la hesabu, ndege aliyechanganywa na mwingine. Alitaka sana kumkuta Munira amekosea, na aliona aibu kwa kutaka hivyo, na aliendelea kutaka. Hakukuwa na kosa. Kazi ilikuwa safi kuliko yake. Ndege aliyempa jina hakuwa na haja ya jina. Alikuwa chirichiri wa mbugani aliyepanda mlima akajifunza kupiga miluzi miwili.

Ilimuuma, asiseme mtu haikumuuma. Lakini katikati ya uchungu ule likachipuka wazo lingine, na wazo hilo lilimfanya asimame kutoka kwenye kiti. Kama hakuna spishi ya Isolwa, hakuna sababu ya hifadhi ya Isolwa. Na kama hakuna sababu ya hifadhi, watu wanaweza kurudi.

Alimwendea Charles kwanza, kumjulisha kwa heshima. Charles alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kichwa.

"Loisi, nisikilize. Ukweli hauozi. Usiutoe sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kilima kile kina watu wanaokimezea mate, na si watu wa kijijini kwenu. Ndege ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Ukimwondoa, hujui nani ataingia."

"Kaka yangu ndiye ataingia."

Charles aliinuka kumsindikiza. "Wewe unajua ndege tu," alisema.

Loisi aliondoka akiamini kwamba Charles anatetea mradi wake, gari lake na posho yake. Pengine kulikuwa na ukweli kidogo hapo. Jioni hiyo hiyo alimpigia Munira akamwambia apeleke andiko, na jina la Loisi liwemo kati ya waandishi, ili watu wasije wakasema mwanafunzi amempiga mwalimu wake kisogoni.

Jumapili akaenda Ihumwa.

Tabu alikuwa uani akipepeta mchele. Alipomwona alisita, kisha akafuta mikono kwenye kanga. "Karibu, wifi," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Meshack alitoka ndani. Alikuwa amekonda. Alifyatua matofali ya saruji kwa mtu, na vumbi lake lilikuwa limemwingia kwenye nyusi lisitoke hata siku ya ibada.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaonyesha kiti.

Loisi alimweleza yote, polepole, kama alivyokuwa akimweleza enzi zile akirudi likizo kutoka shule. Gunia la familia, vinasaba, Munira, lafudhi. Meshack alisikiliza akitazama vidole vya miguu yake.

"Kwa hiyo ndege wako hayupo."

"Yupo. Ila ni yule yule wa mbugani."

"Sisi tuliwaita wote chirichiri."

"Mliwaita chirichiri ndege wa aina tano, kaka. Hata nyinyi hamkujua."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kitu kilicheza pembeni mwa mdomo wa Meshack. Kisha kikapotea. "Na sasa?"

"Sasa eneo halina sababu tena. Nitakwenda mwenyewe mpaka kwa wakubwa. Mtarudi."

"Ulishawahi kuniambia jambo kama hilo," Meshack alisema. "Mbele ya watu wote."

Lakini alimsindikiza mpaka kwenye gari. Na wiki chache baadaye Tabu alimwambia Loisi kwenye simu kwamba kaka yake ameanza kuulizia bei ya mbuzi jike wawili, na ametengeneza mpini wa jembe.

Andiko lilitoka. Wakubwa wa fani wakakaa tena, safari hii bila ubishi mwingi, wakamfuta chirichiri wa Isolwa kwenye orodha ya spishi za dunia na kumrudisha kwa nduguze wa mbugani, ambao ni wengi na hawana hofu yoyote ya kutoweka. Wafadhili wa hifadhi wakaondoka ndani ya msimu mmoja. Vibao vikang'olewa. Charles akahamishiwa kusini.

Kijijini ukaitishwa mkutano, na waliohamishwa wakaitwa. Walikuja kutoka kila walikotawanyikia, wengine na majembe kabisa. Meshack alikuja amevaa shati la kwaya. Loisi alikaa nyuma, kwenye majani, hakutaka kuonekana.

Mtendaji wa kijiji aliitwa Ebenezer, kijana msafi, mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alisoma kutoka kwenye karatasi. Alisema kilima cha Isolwa kimefanyiwa uchunguzi, kimeonekana kina mawe bora sana ya ujenzi, na kwamba amepatikana mwekezaji wa kuyapasua kokoto kwa ajili ya mji unaokua. Barabara itachongwa. Ajira zitakuwepo kwa wenyeji.

Meshack akanyoosha mkono.

"Mtendaji, sisi tuliondolewa kwa ajili ya ndege."

"Ndiyo, mzee."

"Na ndege ameonekana si kitu."

"Imeonekana ni ndege wa kawaida, ndiyo."

"Basi sababu imeondoka. Turudishieni mashamba."

Ebenezer alikunja karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana hata kusikitika. "Mzee wangu, sababu ya kutwaa imeondoka. Kutwaa kwenyewe hakujaondoka. Ardhi ilishatoka mikononi mwenu, na fidia mlipokea. Leo ile ni ardhi ya umma."

"Umma ni nani?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Ebenezer akaitia karatasi mfukoni. Meshack aligeuka taratibu, akamtafuta mdogo wake kule nyuma mpaka akampata, akamtazama. Loisi angependa atukanwe.

Alipambana, huwezi kusema hakupambana. Aliandika kwenye magazeti kwamba wimbo wa ndege wa Isolwa hauko mahali pengine, kwamba umepokezanwa kutoka dume hadi dume kwa vizazi visivyojulikana, na kwamba kilima kikivunjwa makinda watajifunza wimbo wa mbugani na miluzi ile miwili itakoma. Akajibiwa kwa adabu, na jibu lilinukuu andiko lake mwenyewe: ndege huyu si spishi, ni lafudhi tu. Hakuna sheria inayolinda lafudhi. Munira alikuja nyumbani kwake Nzuguni akiwa na uso wa mtu aliyeua. Loisi akamkaribisha chai.

"Ningekaa nayo, Madam. Uliponipigia ningesema nimepoteza zile sampuli."

"Ungekuwa mwongo."

"Kilima kingekuwepo."

Loisi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kunywa kabla haijapoa," alisema.

Tangazo la kuhamisha makaburi lilibandikwa kwenye mti kabla ya Pasaka. Kwa hiyo Loisi na Meshack wakakutana tena kwenye mteremko, penye kaburi la mama, pamoja na mchungaji, Tabu, na vijana wawili wa kuchimba. Ardhi ilikuwa ngumu. Waliyoyakuta yalikuwa machache, mabaki ya sanda, mifupa midogo kuliko ilivyotazamiwa, shanga alizozikwa nazo. Meshack mwenyewe alishuka shimoni. Hakukubali kijana yeyote amguse mama yake. Alimpokeza Loisi kila kitu mkononi, kimoja kimoja, na Loisi alikipanga kwenye sanduku jipya juu ya kanga nyeupe. Walifanya kazi hiyo bila kusemeshana, lakini mikono yao ilijua. Ni mikono ile ile iliyokuwa ikipokezana vibuyu vya maji kisimani.

Wakati mchungaji anasoma, juu ya mwiba ulio jirani dume mmoja alitua akaanza. Mluzi, mluzi wa chini yake, kisha kibuyu. Tena. Tena.

Loisi alikuwa na kinasa sauti kwenye begi. Hakukitoa.

"Anasemaje?" Meshack aliuliza ghafla, macho yakiwa kwenye sanduku.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kaka kumuuliza jambo kuhusu ndege. Loisi alimtazama ndege. "Anasema hapa ni pake. Anawaambia wengine wasikaribie."

"Mwambie aonyeshe hati," Meshack alisema.

Tabu aliguna. Mchungaji akafunga kitabu. Wakambeba mama yao wakampeleka kwenye makaburi ya kanisa, kando ya barabara, mahali ambapo malori yangekuwa yakipita.

Mashine ya kusaga mawe ilisimikwa mwishoni mwa kiangazi. Munira alimwomba Loisi waende pamoja kurekodi kila dume aliyebaki upande wa pili wa kilima kabla hapajaguswa, na Loisi akakubali, ila siku ya kwanza alitaka kwenda peke yake. Aliendesha gari mpaka mwisho wa barabara mpya. Palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya njano, na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda mtu mwenye kofia ngumu na fulana ya kung'aa. Mtu huyo alitoka akaja kwenye dirisha la gari.

Alikuwa Meshack.

Walitazamana. Vumbi la kokoto lilikuwa jeupe kuliko lile la saruji. Lilimfanya aonekane mzee sana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Sikujua kwamba uko hapa. Tabu hakuniambia."

"Walisema ajira kwa wenyeji." Aliweka mkono juu ya geti. "Mimi ni mwenyeji."

Loisi alimweleza anachotaka. Upande wa nyuma tu. Asingegusa kitu chochote. Alikuwa na kinasa sauti na darubini, basi. Kule juu mashine zilikuwa zikinguruma, na kwa sikio lake lote Loisi hakuweza kusikia kitu kingine.

"Bila kibali hakuna anayepita," Meshack alisema.

"Kaka."

"Nikikupitisha wananifukuza. Nikifukuzwa hapa, nitakwenda wapi tena, Loisi? Niambie wewe uliyesoma. Kuna kilima kingine?"

Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imekwisha zamani, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Loisi angeweza kumwambia kwamba alitoa andiko lile kwa ajili yake. Ilikuwa kweli, na isingemsaidia mtu.

"Ndege bado wapo?" aliuliza mwishowe.

"Ndege gani?" Meshack alisema. "Huku mimi nasikia mashine tu."

King'ora kikalia kilimani, kirefu, kisha kifupi. Meshack alitazama juu, akatazama saa, akarudi nyuma hatua chache na kumpungia mdogo wake mkono kama anavyompungia dereva yeyote wa lori.

"Wanataka kulipua. Rudisha gari nyuma, uvuke ule mfereji. Mawe yanaruka mpaka hapa."

Loisi akatia gia ya nyuma, akarudi.